Kinasa Sauti cha Mama Léontine

Siku za kawaida, nikitoka shule hapa Kabambare, ninachota maji, kisha ninaketi na mama kuchambua sombe, majani ya muhogo ya mboga. Wiki ile hata sombe ilikuwa ya kutafuta. Majani ya mihogo yalikuwa yamejikunja na kuingia madoa ya manjano. Mvua za kupanda zilikaribia, na watu hawakujua la kufanya.

Ndipo mama mdogo wangu Léontine, mtangazaji wa redio huko Kasongo, akaja kwa pikipiki na kinasa sauti chake. Mimi huyu mama nampenda, sifichi. Chombo kilichokufa hukifungua kwa kisu cha jikoni, na akikifunga kinafanya kazi. Alitaka wakulima waongee kwa intaneti na agronomu Nathanaël, mtaalamu wa kilimo aliyeko Kindu. Simu peke yake haiwezi kusikia watu arobaini chumbani, kwa hiyo aliiunganisha kwa waya na kile kinasa sauti, kikawa maikrofoni yake.

Jumamosi asubuhi chumba cha parokia kilijaa. Baba Kasimu alitembea kutoka Wamaza na mzigo begani wa vijiti vya muhogo vya kupanda, alivyokata kwenye mashina yake yenye madoa. Mama Léontine akapiga, Nathanaël akaitika, akasema maneno mawili, akasita.

"Sauti yangu inanirudia masikioni. Siwezi kuendelea hivi."

Mama Léontine akabadilisha waya, akapunguza sauti, akapiga tena. Vilevile.

"Ni rezo," mtu mmoja akasema, akilaumu mtandao wa simu. "Rezo ya hapa iko mubaya."

Baba Kasimu akaanza kukaza kamba ya mzigo wake. "Basi nitapanda hivi vyangu kesho. Mvua hainingojei."

Nikakitazama kile kinasa sauti. Jana yake nilikuwa nimechukua kinasa sauti bila ruhusa, nijirekodi nikiimba juu ya muziki wa simu. Niliwasha mpangilio unaochukua sauti ya simu na kuirudisha kwenye simu hiyo hiyo, nikasahau kuuzima. Ningenyamaza, rezo ingebeba lawama kama kila siku.

Nikasimama. "Mama mdogo, si rezo. Ni mimi."

Nikaeleza yote mbele ya watu, uso ukiniwaka. Hakunigombeza. Alininyoshea chombo akasema, "Nionyeshe." Nikauzima ule mpangilio.

"Sasa nasikia vizuri," akasema Nathanaël. Akauliza habari za majani na madoa, kisha akasema, "Vijiti vya mashina hayo musipande. Ugonjwa unakwenda navyo. Tafuteni mashina yenye majani mazima, mukate hapo."

Maswali yaliendelea saa nzima. Mwishoni Baba Kasimu akaifungua kamba ya mzigo wake.

"Mutoto, ungenyamaza, hii yote ingekuwa shambani kwangu kesho."

Mama Léontine alikuwa anakunja waya. "Chimène, kuchukua kitu cha mtu bila kuuliza ni kosa, na mama yako atalisikia. Lakini kosa ulilolisema tumelitengeneza kwa kidole kimoja. Ungelificha, ningelitafuta mpaka Kasongo na watu hawa wangepanda ugonjwa. Ukikosea, sema mapema."

Kisha akanipa ncha ya pili ya waya, tukaukunja pamoja.