Pini Mbili

Rungu la umeme lilimpata Nyigu shingoni kabla hajageuka.

Alipofumbua macho, mkono wake wa kulia ulikuwa na pingu, umefungwa kwenye kabati la seva. Bastola yake, Glock, ilikuwa mkononi mwa Mshauri, yule mgeni aliyeletwa kuunganisha vyuo vikuu vyote vya nchi katika mtambo mmoja.

"Pole, kaka. Makamu Mkuu wa Chuo akibonyeza kitufe cha uzinduzi kule ukumbini, utafiti wenu wote unapita kwenye kisanduku changu kile. Chanjo zenu, mbegu zenu, mtakuja kuzinunua kwetu."

"Na mimi?"

"Kisanduku kinaendesha mlango. Na gesi ya kuzimia moto. Itamaliza hewa humu. Watasema ajali kazini."

Akatoka. Kufuli likabana. Gesi ikafoka darini.

"Nyigu, uko wapi?" Sauti ya mkuu wake sikioni. Kikosi kizima kilimwita Shangazi.

"Shikamoo, Shangazi. Chumba cha seva. Nimefungwa kama kuku wa sokoni. Zuia sherehe."

"Marahaba baadaye! Makamu Mkuu ameshapanda jukwaani na simu za ukumbini zimezimwa. Fanya kitu, mwanangu!"

Alivuta pingu. Ngozi ikachanika. Kabati halikutikisika.

Mapafu yalianza kuwaka.

Kisanduku kilikuwa upande wa pili, mbali na mguu wake. Akaufuata waya wake kwa macho hadi ukutani.

Akacheka kwa hewa kidogo aliyobaki nayo.

Plagi ya pini mbili. Soketi ya matundu matatu. Mshauri alihubiri viwango vya kimataifa mwaka mzima, akasahau adapta. Basi akafanya kama afanyavyo kila mtu nyumbani: kifuniko cha kalamu tundu la juu, plagi ikasukumwa kwa nguvu. Imeingia nusu. Inaning'inia.

Nyigu akavua buti, akarusha.

Likapita pembeni.

Giza likamjia machoni. Akarusha la pili.

Plagi ikadondoka.

Kisanduku kikafa. Gesi ikakatika. Mlango ukaachia, hewa ikaingia, akainywa kama maji. Kufungua pingu kulihitaji waya aliouficha ukosini, na muda. Sasa muda alikuwa nao.

Ukumbini watu walipiga makofi. Mtambo wa vyuo umewaka salama. Mshauri alikuwa akibonyeza simu yake, jasho linamtiririka.

"Haina kitu, eeh?" Nyigu alimnong'oneza, akamvalisha pingu ileile na kuchukua Glock yake.

Nje, Shangazi alimpokea Mshauri, kisha akatazama miguu ya Nyigu.

"We, viatu viko wapi?"

"Vimebaki kazini."

Akakatiza uwanja kwa soksi, bila haraka.