Mabenchi ya Darasa la Alasiri

Chumba cha mshona mito kilikuwa na mawingu yake chenyewe. Ukifungua dirisha, sufi inapaa. Ukilifunga, inapaa vilevile. Jua la mchana lilipoingia, chembe nyeupe zilielea polepole, zikapanda, zikashuka, zikakaa kichwani mwa mwenye chumba. Kwa sababu hiyo watu walimwita Mama Sufi. Mchana alikuwa na mvi tele. Jioni alikung'uta kitambaa chake cha kichwa, ujana ukarudi.

Kazi yake ilikuwa kuchambua sufi, kutoa mbegu, kujaza mifuko na kushona midomo yake. Mikono ilifanya kazi yenyewe. Akili ilikuwa huru kwenda itakako. Na siku hizi akili ya Mama Sufi ilikwenda mahali pamoja tu: ukurasa wa kumi na tano.

Siku tano kwa wiki, saa kumi alasiri, alikwenda kwenye darasa la kisomo cha watu wazima. Darasa lilikuwa katika ghala la zamani la baraza la mji. Lilikuwa na mabenchi manane, ubao mmoja na kitabu kimoja cha hadithi. Wanafunzi walikisoma kwa zamu. Kilikuwa na kurasa ishirini. Hadithi yenyewe ilikuwa ya bibi mmoja ambaye kisima chake kilikauka. Basi akashika njia, akauliza nyumba hadi nyumba maji yake yamekwenda wapi.

Mama Sufi aliusoma ukurasa wa kumi na nne peke yake, kwa kidole na kwa jasho:

"Bibi akafika nyumba ya mwisho. Akabisha hodi. Akabisha tena. Kisha akasikia sauti. Sauti ikasema:"

Ukurasa ukaishia hapo! Alipofunua uliofuata, akakuta herufi asizozijua.

"Hiyo ni ng," Mwalimu alimwambia. Mwalimu alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole. "Tutaisoma wiki ijayo. Usiruke, mama. Ukiruka utajikwaa."

"Nisomee basi huo mstari mmoja tu."

"Nikikusomea, utakuwa umesikia. Wewe si ulitaka kusoma?"

Mama Sufi akacheka. Akakubali kungoja wiki moja. Alikuwa amengoja miaka arobaini, wiki ni nini?

Lakini wiki ile redio ilisoma bajeti.

Mumewe alikuwa nyumbani siku hiyo. Alikuwa fundi wa kupaka rangi, na brashi zake zilikuwa zimekauka ukutani miezi mitano. Uchumi ulikuwa umedorora. Watu hawajengi, na asiyejenga hapaki rangi. Basi wakakaa wote wawili kati ya mito, wakamsikiliza waziri. Alisoma kwa muda mrefu. Mapato ya nchi yamepungua, alisema. Ushuru wa sabuni utapanda. Na madarasa ya kisomo cha watu wazima yatasimamishwa.

Sindano ya Mama Sufi ikasimama.

"Amesema nini hapo mwisho?"

"Amesema darasa lako basi," mumewe akajibu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa utani hata pasipo na nafasi ya utani, akaongeza, "Wewe na ng sasa mtaonana peponi."

Mama Sufi hakucheka. Aliumia. Aliinama juu ya mto uliokuwa mapajani, akaukumbatia.

Nje mtaa ulichemka. Dukani foleni ya sabuni ilifika barabarani. Kinyozi alimwacha mteja na nusu ya nywele, akakimbilia foleni. Watu wengine walitoka na masufuria, wakayagonga kwa miiko, wakaimba kwamba serikali haiwaoni. Mume wa Mama Sufi naye alichukua kopo tupu la rangi, akaenda kugonga. Akarudi sauti imekauka.

"Nimegonga weee," alisema. "Lakini imeshasomwa. Mvua ikishanyesha utairudisha mbinguni?"

Sasa sikiliza kosa lao. Shemeji yake Mama Sufi, mdogo wa mumewe, alikuwa seremala, naye alisoma darasa hilohilo. Asubuhi yake aliwakusanya wanafunzi wenzake penye ghala. Mwalimu hakuwepo. Alikuwa ameitwa ofisi kuu ya elimu kwa siku tatu.

"Darasa limekufa," shemeji alitangaza. "Watakuja na lori wabebe kila kitu. Heri tugawane wenyewe. Mali ya marehemu hurithiwa na jamaa!"

Wakaona ni maneno ya busara. Wakabeba. Benchi moja likaenda kwa kinyozi, likawa la wateja. Moja likaanikiwa nguo. Shemeji alilikata lake katikati, akapata vigoda viwili. Kitabu, kwa bahati ya kura, kilikwenda kwa muuza mkaa. Mama Sufi alikitaka kitabu kwa moyo wote, lakini kura ilimpa ubao. Akaulaza juu ya mapipa mawili, ukawa meza ya kukatia vitambaa. Maandishi ya Mwalimu yalikuwa bado juu yake kwa chaki: nya, nye, nyi, nyo, nyu.

Mchana mmoja usingizi ulimchukua juu ya rundo la mito. Aliota yuko mlangoni mwa nyumba ya mwisho. Bibi wa hadithi alikuwa kando yake, miguu imejaa vumbi. Sufi ilianguka taratibu, na kila chembe ilikuwa herufi. Mlango ukatoa sauti, lakini sauti haikuwa na maneno. Mama Sufi alinyoosha mkono kudaka herufi. Kila alipofungua kiganja, alikuta nya, nye, nyi. Bibi akamtazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "tutasimama hapa hadi lini?"

"Hodi!"

Akazinduka. Haikuwa ndoto. Mlangoni alisimama karani wa baraza la mji, mkono shingoni. Alikuwa amefuata mto wake. Kazi ya kuinamia mafaili ilikuwa imemharibia shingo.

"Karibu, dada. Mto uko tayari. Keti."

Karani aliketi, akaona meza. Akainamisha kichwa upande mmoja, shingo ikamuuma, akanyoosha.

"Mama Sufi, huu si ubao wa darasa?"

"Ndio wenyewe. Tumegawana. Si darasa limefutwa?"

"Nani amesema?"

"Waziri! Redioni! Tumesikia kwa masikio yetu."

Karani alishika kichwa. "Lo! Kumbe ni nyinyi! Juzi alikuja mtu wa kamati ya bunge kutazama madarasa. Akafungua ghala, akakuta panya na chaki. Ameandika hivi: 'Hakuna wanafunzi.' Karatasi hiyo imepita mezani kwangu!"

Mama Sufi aliufunika ubao kwa kitambaa. Mumewe, aliyekuwa amelala chumba cha pili, akatokea mlangoni.

"Dada karani, hebu tufahamishe taratibu," alisema. "Bajeti si imeshasomwa?"

"Imesomwa, kaka. Haijapitishwa. Hayo ni mambo mawili. Waziri anaposoma, anapendekeza. Anasema, nionavyo mimi, fedha za umma zitoke huku, ziende kule. Baadaye kamati ya bunge inakaribisha maoni ya wananchi. Kisha wabunge wanajadili. Wanaweza kupunguza hapa na kuongeza pale. Mwisho wanapiga kura. Kabla ya kura, mlango uko wazi."

Aliposikia neno mlango, Mama Sufi aliinua macho.

"Lakini kwa nini watukate sisi?" aliuliza. "Tumewakosea nini?"

Karani aliokota bonge la sufi sakafuni. "Nikuulize wewe. Una sufi ya mito sita. Wateja wamekuja wanane. Unafanyaje?"

"Nampunguzia kila mmoja kidogo."

"Wote sawasawa?"

"Hapana. Mgonjwa simpunguzii. Mtoto namtengenezea mto mdogo. Mwenye mito mingine nyumbani namwambia angoje."

"Na usipojua nani mgonjwa?"

"Nitamnyima mgonjwa bila kujua."

"Basi bajeti ya wakati mgumu ndiyo hiyo. Maduka yakiuza kidogo, kodi inayoingia serikalini ni kidogo. Sufi haitoshi. Anayegawa yuko mbali, hawaoni wote. Ni lazima mtu amwambie: mimi hapa nimelala bila mto."

Mume wa Mama Sufi akakuna kidevu. "Nilimwambia. Nimegonga kopo mpaka likabonyea."

Karani akacheka hadi shingo ikamkumbusha. "Kugonga si vibaya. Ni haki yako. Lakini ukigonga kopo, mimi nitajuaje ni sabuni, ni darasa, au ni rangi ya ukuta? Kamati inataka maoni ya kushika mkononi. Andika wewe ni nani. Sema ni jambo gani katika bajeti. Sema litakuumiza vipi. Kisha sema unataka nini badala yake. Leta ofisini kwangu kabla ya Ijumaa. Ijumaa kamati itakaa ukumbi wa mji, na kila mtu anaruhusiwa kuingia."

"Nitamtafuta mtu aniandikie," Mama Sufi alisema.

Karani alichukua mto wake, akauminya, akaulalia kidogo kwa shavu. Akafumba macho kwa raha.

"Hivi darasani mlikuwa mnajifunza nini?" aliuliza, macho bado yamefumbwa. Akaondoka.

Alasiri ile mtaa uliona ajabu. Mabenchi yalirudi yakitembea kwa miguu ya watu. Kinyozi aliliachia lake huku akinung'unika. Nguo mbichi zilianuliwa. Shemeji seremala alikuja wa mwisho, na vigoda viwili kwapani na aibu usoni.

"Mali ya marehemu, eeh?" kaka yake alimwambia. "Marehemu amekohoa!"

Shemeji aliunga benchi kwa misumari na gundi. Lilisimama, ila limeinama kidogo upande wa kushoto. Ubao nao ulikuwa na mikwaruzo ya mkasi. Mume wa Mama Sufi alishusha brashi iliyokauka, akailoweka, akaupaka ubao rangi nyeusi. Ilikuwa kazi yake ya kwanza katika miezi mitano, na hakulipwa kitu. Lakini aliifanya huku anapiga mluzi. Alipomaliza akaketi kwenye benchi la nyuma.

"Napumzika tu," alisema.

Siku mbili Mama Sufi aliandika. Alifuta, akaandika, akafuta. Karatasi ilitoboka, akachukua nyingine. Mwalimu alikuwa amerudi, na alisimama karibu bila kugusa kalamu. Neno lenye ng lilipotokea, Mama Sufi alitafuta jingine. Mwisho barua ikawa hivi:

"Mimi ni mshona mito. Nasoma darasa la alasiri. Nimefika ukurasa wa kumi na nne. Kitabu kina kurasa ishirini. Siku ile mlipokuja, mabenchi yalikuwa kwetu. Tulikosa. Sasa yamerudi. Kama fedha ni kidogo, tupeni siku tatu badala ya tano. Sisi tutasafisha na kupaka kuta chokaa wenyewe. Msifute darasa."

Ijumaa ukumbi ulijaa. Watu walizungumza sabuni, barabara, dawa. Barua za wanafunzi kumi na tisa zilikuwa mezani. Mwenyekiti wa kamati, bwana mwenye miwani puani, aliinua moja.

"Mshona mito yuko wapi? Karatasi yangu inasema darasa hili halina wanafunzi. Barua hii alikuandikia nani?"

Mama Sufi alisimama. Chembe ya sufi ilikuwa bado kwenye nyusi yake. Pembeni mwa ukumbi palikuwa na ubao. Alitembea mpaka pale, akachukua chaki, akaandika taratibu, herufi moja baada ya nyingine, ukumbi mzima ukimngoja:

"Mimi."

Mwenyekiti alivua miwani. Kisha akachukua ile karatasi yake, akaandika kitu juu yake.

Kura ilipigwa baada ya wiki nne. Redio ilisoma tena, na safari hii nyumba nzima ilisikiliza hadi mwisho. Ushuru wa sabuni ulipanda. Hilo halikubadilika, na mtaa ulilalamika, na una haki ya kulalamika. Lakini madarasa ya kisomo hayakufutwa. Yatakuwa siku tatu kwa wiki, na wanafunzi watayatunza majengo wenyewe.

"Siku tatu!" Mama Sufi alisema. "Baba watoto, hayo ni maneno yangu! Yametoka kwenye kalamu yangu!"

Mumewe hakutania. Alimtoa sufi kwenye nyusi, basi.

Jumatatu saa kumi alasiri darasa lilijaa. Kwenye benchi lililoinama alikaa mwanafunzi mpya, fundi rangi mmoja aliyesema anapumzika tu, ila amekuja na daftari. Mwalimu aliandika kwenye ubao mweusi unaong'aa: nga, nge, ngi, ngo, ngu. Wakaimba wote. Jua liliingia dirishani, na vumbi la chaki lilielea hewani kama nyumbani kwa Mama Sufi.

Kisha muuza mkaa akatoa kitabu, kimepata alama za vidole vyeusi, akampitishia. Ilikuwa zamu yake.

Mama Sufi alifunua. Ukurasa wa kumi na nne, nyumba ya mwisho. Akabisha hodi. Akabisha tena. Kisha akasikia sauti. Sauti ikasema:

Akageuza ukurasa. Akaweka kidole.

"Ka-ri-bu. Tu-li-ku-wa tu-na-ku-" Akasimama. Akatazama ubao. Akarudi kitabuni.

"Ngo," akasema. "Ngo-ja."

Akairudia yote, bila kukata, kwa sauti iliyofika hadi benchi la nyuma:

"Karibu. Tulikuwa tunakungoja."