Mkia wa Mnyama wa Kisiwani

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alikwenda makumbusho kumsubiri shangazi yake, mtunzaji wa wanyama waliokaushwa. Nyumbani walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini katika chumba kile cha makabati hata yeye alinong'ona. Mamia ya wanyama walilala kifudifudi ndani ya droo, miguu imefungwa kwa uzi, na mahali pa macho pamba nyeupe.

Siku moja shangazi alitoka kumpokea mchoraji wa vitabu vya shule, akaacha droo moja wazi. Ndani yake alilala mnyama mmoja tu, mdogo kama panya, mwenye manyoya ya rangi ya majivu. Kijikaratasi kilieleza kwamba jamii yake iliishi visiwani, na huyu ndiye wa mwisho kuonekana.

Chiriku alimgusa mgongo. Alikuwa mkavu na mwepesi mno. Kidole kikateremka hadi mkiani. Tik. Mkia ukabaki mkononi mwake.

Aliposikia nyayo, aliutia mfukoni akarudi kitini mbio.

Mchoraji alimtazama mnyama yule kwa muda mrefu. "Kumbe hakuwa na mkia," alijisemea, akaanza kuchora. Shangazi, aliyekuwa akipekua majalada kule nyuma, hakusikia.

Penseli ilikwaruza karatasi kama kucha ndogo juu ya mbao. Pale karatasini alikuwa akizaliwa mnyama ambaye hajawahi kuishi popote. Chiriku alihisi mkia ukimtekenya paja, kana kwamba unatafuta njia ya kutoka. Macho ya pamba yalimkodolea. Aliwaza watoto wakikariri uongo wake madarasani, na hakuna mnyama hata mmoja aliye hai wa kuwasahihisha.

"Alikuwa nao," alisema. "Ninao mimi."

Akauweka mezani huku akilia. Shangazi hakumfokea. Kwanza alimpeleka kunawa mikono kwa sabuni, maana ngozi za zamani zilipakwa sumu ya kuua wadudu. Kisha akavaa glavu, akaugundisha mkia taratibu. Mchoraji alichana karatasi yake akaanza upya.

"Umeniudhi, na wiki mbili hutaingia humu," shangazi alisema. "Ila umefanya vyema kusema. Huyu hana mwenzake duniani wa kumsemea. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, kabla kosa lako halijawa ukweli wa watu wengine."