Jina la Mama kwa Wino Mwekundu

Naapa kwa Mungu aliyenitoa Aswani mzima mzima akanileta Kairo, naapa kwa macho yangu mawili na kwa kaburi la baba yangu: nikiongeza neno hata moja, mkate ninaokula ugeuke mchanga kinywani. Kila neno ni kweli tupu. Kusoma sijui, sikatai. Lakini mimi Bakhit ni bawabu wa jengo pale Shubra mwaka wa ishirini na mbili huu, na mtaa mzima utakwambia niliwahi kumzuia fahali aliyetoroka machinjioni kwa mkono mmoja, wa pili nimeshika glasi ya chai, na chai haikumwagika.

Ghorofa ya tano alikaa Ustadhi Wagdi, mtunzi wa hadithi za mauaji, yeye na mkewe Inshirah. Mtu mpole mpaka anachekesha. Kuku akichinjwa, yeye anageuza uso. Lakini mpe karatasi, Mungu atuepushe, damu mpaka magotini.

Kitabu alikuwa ameshakimaliza, ila mchapishaji kamrudishia akirekebishe. Basi kazi ikawa ile ile kila siku: asubuhi maharage na mkate, halafu anajifungia na kalamu nyekundu, anafuta, anaongeza, anajisomea kwa sauti, anafuta tena. Na alikuwa na mtindo wake. Akiandika pigo, lazima asikie linavyolia. Mimi ndiye nilikuwa nampandishia matikiti, moja bega hili moja bega hili, kila moja zito kama mtoto wa punda. Analipiga kwa mchi wa shaba, anatega sikio, anaandika.

Adhuhuri moja ya Agosti nimesimama mlangoni kwake, kalipiga tikiti, na tikiti likaguna.

Tukatazamana. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama nimesikia. Nikamwambia labda limeiva sana. Hapo hapo sahani ikavunjika jikoni. Tukamkuta Inshirah kakaa chini, damu inamtoka sikioni, anajifuta kwa upindo wa nguo. Akasema ni joto tu. Kisha akanicheka, akasema Ami Bakhit mbona umekuwa mweupe, na wewe Mungu kakuumba mweusi kama bilingani. Alikuwa na utani huyo mama.

Kesho yake, saa ile ile ya watu kulala mchana, nikasikia yowe nikiwa chini mlangoni. Nilipanda ghorofa tano kwa pumzi moja. Mlango wa kabati la nguo ulikuwa umembana Inshirah vidole vitatu na unazidi kubana, wala hapakuwa na mtu nyuma yake. Nikauvuta kwa nguvu zangu zote, hizi nguvu zangu, ukanishinda, mpaka mifupa ilipolia kama vijiti vikavu ndipo ukaachia wenyewe. Harufu ikajaa nyumba, nywele zilizoungua na udongo mbichi. Na ndani ya ukuta kitu kinakwaruza, kra, kra, kama kalamu inayoandika haraka, na kalamu ya Ustadhi ilikuwa mfukoni mwake.

Ustadhi akajiinamia. Akaninong'oneza kwamba asubuhi ile aliandika yule mwanamke anayeuawa kitabuni avunjwe vidole vitatu kwa mlango wa kabati.

Nikamleta Bi Sukkara, mpunga pepo wa uchochoro wa nyuma, mama mmoja mnene anayepiga ngoma za zari. Hakufukiza ubani, hakupiga ngoma. Aliuliza swali moja tu: huyo mwanamke wa kitabuni anaitwa nani?

Ustadhi akaeleza. Mchapishaji alilalamika kwamba marehemu anaelea tu hewani, hana ukoo, msomaji hamwonei uchungu. Basi katika kurekebisha akampa jina la mkewe, na mama wa huyo marehemu akampa jina la mama mkwe wake, ili yeye mwenyewe roho imuume akiandika. Inshirah binti Fikriya.

Bi Sukkara akamchapa kofi mpaka miwani ikaruka.

Maana kwetu jina la mama halitoki nje. Nawajua wanaume waliochomana visu kwa sababu mtu kalitaja barazani. Anayetaka kukufunga anakwenda kwa mchawi na jina lako na la mama yako, yanaandikwa kwa wino mwekundu, basi umekwisha. La baba halifanyi kitu.

"Umemroga mkeo kwa mkono wako," Bi Sukkara akasema polepole. "Kurasa mia tatu. Jini mwenyewe kashazipokea, na anafuata ulivyoandika."

Nikauliza mwisho wake ni nini. Ustadhi akasema mwisho ananyongwa, na imebaki nusu ukurasa kufika hapo.

Adhuhuri ya siku ya tatu tulikuwa wote mle. Bi Sukkara chumbani kamlalia mgonjwa kwa uzito wake wote, mimi na Ustadhi kwenye meza ya makaratasi. Alichana pembe ya ukurasa, kidogo tu, kama ukucha, na kule chumbani ngozi ya mgongo wa Inshirah ikachanika kutoka bega mpaka kiunoni, tukaisikia kama shuka mpya inavyochanwa. Basi kuchana haiwezekani, kuchoma ndiyo kabisa. Akajaribu kuandika kwamba mwanamke kapona, wino ukagoma. Bi Sukkara akatuambia kupitia mlangoni, huku anahema, kwamba mahali pa mtu hapaachwi wazi. Jina kwa jina, mama kwa mama. Ustadhi akafuta, akabuni mtu na mama wa kubuni, na yule jini akajua kuna mtu anamdanganya, akamvunja Inshirah mtulinga wa kushoto, kisha kabati likatoka ukutani likaruka likanikuta mimi, nikalipiga ngumi likapasuka mapande sabini, na kiti kikaja, na kinu kikaja, na mkono nisiouona, wenye manyoya na unyevu, ukanishika kifundo cha mguu ukanitupa huku na huku kama mwanamke anayekung'uta mkeka, na kra, kra, ya ukutani ikazidi kasi, na kule chumbani Inshirah akaanza kukoroma kama mtu aliyebanwa koo.

Ustadhi akanigeukia.

"Ami Bakhit," akanong'ona, "mama yako alikuwa anaitwa nani?"

Mimi niliyemzuia fahali. Ulimi ulikauka kama ngozi ya ngoma. Nikamwambia simjui. Nikamwambia alikufa nikiwa mchanga, hakuna aliyenitajia.

Mama yangu ndiye aliyeniozesha. Alicheza harusini kwangu mpaka asubuhi.

Ustadhi alinitazama kwa muda wa kuvuta pumzi mara moja. Nadhani alijua. Akasema, "Hapana neno, ndugu yangu. Nisamehe kwa kukuuliza." Akainama, akafuta, akaandika jina lake mwenyewe, na chini yake la mama yake. Alinizibia kwa kiganja nisione, kwa aibu ya kawaida tu ya mwanamume, wakati hata kusoma sijui.

Kule chumbani mkoromo ukakatika, Inshirah akavuta pumzi. Na shingo ya Ustadhi ikaanza kubonyea mbele ya macho yangu, alama za vidole sita huku na sita huku. Nikaziona zinavyozama, nikamshika mabega nikavuta, miguu yake ikapiga meza mpaka meza ikavunjika, mboni zikageuka, mfupa wa koo ukalia mara moja. Halafu kimya. Harufu ikatoka dirishani kama mtu anayeondoka baada ya kazi. Haijarudi.

Polisi wakaandika wanavyojua wao. Inshirah yuko hai. Vidole vitatu vimepinda, mgongoni ana kovu kama kamba. Kila Ijumaa ananiletea sahani ya wali na kipande cha nyama, anasimama nikila, anawaambia majirani, huyu Ami Bakhit alipigana na jini kwa ajili ya mume wangu, huyu ni simba.

Nami nakula.

Sasa nakuomba, mwanangu, kwa haki ya chai tuliyokunywa. Sehemu ya kabati na mkono wa manyoya wasimulie ukitaka, ile kila mtu anaijua, nimeisimulia mwenyewe. Lakini lile swali aliloniuliza, na nilivyojibu, lisivuke kizingiti hiki. Inshirah asilisikie. Tafadhali.