Zamu za Kumwangalia Bibi

Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Tuliishi vyumba viwili: mama, mimi na bibi, mama yake mzazi. Mama alishona, bibi akakunja vitambaa, nami nikaokota vifungo sakafuni. Siku zile, natamani zirudi.

Kisha bibi akaanza kusahau. Alisahau jina langu. Akawa anatoka na kupotea mitaani. Mama aliona haya. Kila alipopeleka nguo za wateja, alimfungia ndani.

Mchana mmoja bibi aliwasha jiko. Pazia likashika moto. Jirani yetu kinyozi alivunja mlango, akamtoa salama.

Kesho yake akaja ofisa wa ustawi wa jamii. Mama alimzibia njia.

"Umekuja kumchukua mama yangu?"

"Hapana, dada. Nimekuja kukuuliza, nani anakusaidia?"

Machozi yakamlengalenga mama. "Nani atanisaidia? Wanasema karogwa."

"Hajarogwa. Ni ugonjwa wa kusahau, huwapata wazee wengi. Kumfungia ni hatari. Lakini peke yako hutaweza. Mtaani humu wako wenzako."

"Akina nani?"

"Si kazi yangu kuwataja. Wakikubali, watakwambia wenyewe."

Jumamosi wenzake hao walikuja kwetu pamoja na ofisa. Wa mwisho kuingia alikuwa kinyozi, kamshika baba yake mkono.

"Hata wewe?" mama alishangaa. "Si ndiwe uliyevunja mlango wangu?"

"Wako niliuvunja, dada. Wangu naufunga mwenyewe kila siku, baba akiwa ndani. Naona haya kama wewe."

Wote wakacheka. Ofisa hakuwapa amri. Aliuliza tu, "Mnaweza kufanya nini pamoja?" Wakapanga zamu za kukaa na wazee. Wakaenda zahanati kwa pamoja, wakamwomba mganga mkuu awatengee wazee siku yao. Alikubali. Wenye maduka nao wakafundishwa: ukimwona mzee amepotea, usimcheke wala usibishane naye. Tembea naye taratibu, mrudishe kwao.

Mlango wetu haukufungwa tena kwa ufunguo mchana. Mama alipeleka nguo bila kukimbia. Akirudi, aliwakuta bibi na baba wa kinyozi barazani, na jirani wa zamu akimenya viazi kando yao. Mzee alikuwa na kisa kimoja tu, cha punda aliyekula kofia yake. Alikisimulia kila siku. Na kila siku bibi alikisikia kwa mara ya kwanza, akacheka mpaka akashika mbavu.