Mchuzi wa Embe Uwe Mtamu

Kila mchana, kabla wateja hawajaanza kuvuta viti, sauti ya mama ilitoka jikoni ikavuka mgahawa mzima: "Njoo unionjee!"

Na kila mchana Kionjo aliacha alichokuwa akifanya, akakimbia. Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini pale mgahawani hata muuza mkaa alimwita Kionjo. Mama alimdondoshea mchuzi kidogo kiganjani, naye akaulamba, akafumba macho, kisha akatoa hukumu. "Chumvi bado." Au, "Tangawizi imezidi, mama." Na mama, ambaye hakuwa mtu wa kuambiwa na yeyote, alitii.

Likizo ilipoanza, akaja mtoto wa mama mdogo. Alikuwa rika moja na Kionjo, mwembamba, mwenye maneno machache. Alikata vitunguu taratibu, akaosha mchele taratibu, hata chafya alipiga taratibu. Wateja wakampa jina hilohilo: Taratibu. Kionjo alicheka kuliko wote, lakini kicheko chake hakikudumu.

Vitunguu vya Taratibu vilitoka vyembamba na sawasawa, mama akaanza kuvisifu. "Tazameni mkono huu! Haraka haraka haina baraka." Alisema hivyo huku akimtazama Kionjo, ambaye katika vitunguu vyake kila kipande kilikuwa na ukoo wake. Siku moja sauti ikaita, "Njoo unionjee!" Kionjo akatupa ufagio, akafika mlangoni akihema, akakuta kiganja cha Taratibu kimeshanyooshwa.

Wivu ukamwingia, ule wivu hasa unaokaa kooni na kukataa kushuka hata kwa maji. Taratibu akimpisha njia, Kionjo aliona anaringa. Akinyamaza, aliona anamdharau.

"Eti mgeni njoo, mwenyeji apone," alinung'unika akisugua sufuria. "Huyu amekuja, na mwenyeji ndiyo kwanza naanza kuugua."

Wiki hiyo wauguzi wa zahanati ya jirani waliagiza chakula cha kumuaga mkuu wao aliyekuwa anastaafu. Walitaka samaki kwa mchuzi wa embe, na kastadi ya embe ya kumalizia. Mama akanunua maembe ya namna mbili, akayaweka kwenye mabeseni mawili. Mabichi, ya kijani na magumu, yalikuwa ya mchuzi. Mabivu, yaliyonukia hadi barabarani, yalikuwa ya kastadi.

"Wakiridhika," mama alisema, "kila mkutano wao watakula kwetu. Wasiporidhika, watatusimulia kwa kila mgonjwa."

Asubuhi ya siku yenyewe samaki walikuwa wameshakaangwa, naye Taratibu alikuwa ameenda bombani. Mama akachukua ndoo kwenda kutafuta barafu ya kupozea kastadi. Akageukia mlangoni.

"Kionjo, mwenzio akirudi mwambie akate yale maembe mabichi, aunge mchuzi wa samaki. Mabivu asiyaguse. Na mchuzi wa embe uwe mtamu, tusije tukaaibika! Wewe panga viti na ufute meza."

"Yeye ndiye aunge? Si mimi?"

"Yeye. Wewe ukishika kisu na haraka zako, leo tutawapa wageni vidole."

Kwa mama ulikuwa utani tu. Kwa Kionjo ulikuwa msumari wa moto juu ya kidonda.

Taratibu aliporudi, alitua ndoo ya maji bila kumwaga hata tone. "Mama mkubwa amesemaje?"

"Amesema uunge mchuzi wa samaki," Kionjo alijibu. "Mchuzi wa embe uwe mtamu."

Taratibu akatazama mabeseni mawili. Kwao embe lilikuwa tunda la kumenya na kula. Mchuzi wake hakuwahi kuuona. "Mtamu kivipi?" aliuliza.

Kionjo alijua vizuri sana. Mchuzi uliokolea chumvi ni mtamu, na asali nayo ni tamu. Neno ni hilo moja, ulimi ndio unaotofautisha. Akaokota kitambaa cha meza.

"Mtamu ni mtamu. Au kwenu hamjui utamu?"

Taratibu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, akavuta beseni la maembe mabivu. Akamenya, akakata vipande vizuri vya kupendeza macho, akatia vyote chunguni. Kisha akafungua kopo la sukari. Kionjo aliyaona yote hayo kupitia mlango. Neno moja tu lingetosha. Badala yake akafuta meza aliyokwisha kuifuta.

"Sijasema uongo," alijiambia. "Na mjumbe hauawi."

Mama akarudi na barafu, akachovya kijiko, akaonja. Uso ukamkunjamana.

"Nani ametia sukari kwenye mchuzi wangu? Na maembe ya kastadi yako wapi?"

"Ni mimi, mama mkubwa," Taratibu alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani... labda sikusikia vizuri." Alimtazama Kionjo mara moja, kisha akatazama chini.

"Toka jikoni! Kakae nje kabla hujaniharibia na wali."

Taratibu akatoka. Mama akashika kiuno, akavuta pumzi, halafu akaita kama alivyoita siku zote: "Kionjo! Njoo unionjee, tuone kama unaokoleka."

Basi hapo Kionjo alikuwa amepata yote aliyoyataka. Jiko lilikuwa lake, na mchuzi ulikuwa kiganjani mwake. Akaulamba, akafumba macho, na ulimi wake haukumwambia chochote. Alipoyafumbua, aliona kupitia dirishani Taratibu akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, aproni imekunjwa vizuri mapajani, akifuta machozi kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na pilipili.

"Umekosa nini?" mama aliuliza.

"Mama, haujakosa kitu huo. Nimekosa mimi. Taratibu alisikia vizuri. Mimi ndiye niliyempa maneno nusu."

"Ulimwambia mabivu asiyaguse?"

"Hapana."

"Ulimwona akiyachukua?"

"Nilimwona. Nikanyamaza. Nilitaka umfukuze jikoni."

Mama akaweka mwiko chini. Kwanza alitoka nje. "Mwanangu, nisamehe," alimwambia Taratibu. "Nimehukumu kabla ya kuuliza. Rudi ndani, nahitaji mkono wako." Kisha akamgeukia Kionjo. "Na wewe nahitaji ulimi wako. Lawama tutazila baadaye, wageni hawajafika bado."

Maembe mabichi yalikuwa bado yamelala kwenye beseni lake. Taratibu akayachukua mawili, akayakata vipande vyembamba sana, yakatiwa kwenye mchuzi. Kionjo akaonja. "Uchachu zaidi." Wakaongeza ndimu. "Chumvi. Pilipili. Tangawizi kidogo, basi, basi!" Utamu wa maembe mabivu ukarudi nyuma, chumvi na uchachu vikaja mbele, na samaki wakaingia. Mabichi yaliyobaki mama akayachemsha kwa sukari hadi yakalainika, akayaponda, akayapoza kwenye barafu na kuyamwaga juu ya kastadi. Yale matamu yaliliwa pamoja na samaki, na yale machachu yakawa kitindamlo.

Mkuu wa wauguzi alikomba sahani kwa kidole, akajificha nyuma ya leso. "Mchuzi huu una embe bivu na embe bichi pamoja," alisema. "Mkutano wetu ujao tunautaka huuhuu." Mama akaitikia "Naam" bila kupepesa jicho.

Wageni walipoondoka, mama akaketi, akawaita wote wawili.

"Kionjo, najua unasema moyoni kuwa mjumbe hauawi."

Kionjo akashtuka.

"Kweli hauawi, akifikisha alichotumwa. Ujumbe ni sahani ya chakula cha mwenzio. Ukimega nusu njiani, ile nusu unayofikisha haikufanyi mwaminifu. Ukweli uliokatwa ili umwangushe mtu ni uongo uliovaa nguo nzuri. Na wivu, mwanangu, ulitaka kukupa jiko zima na kukunyang'anya ulimi. Umeona mwenyewe. Umesema kweli ingawa umechelewa, nami nimeipokea. Lakini kuanzia kesho utaosha masufuria, na hutaonja kitu humu mpaka mwenzio akuite."

"Nisamehe, ndugu yangu," Kionjo alisema.

Taratibu hakujibu upesi. Hakuna alichofanya upesi. "Nimesikia," alisema mwishowe, akaenda kuosha mikono.

Siku iliyofuata Kionjo alikuwa uani, majivu hadi viwikoni, akijua kuwa hataitwa. Angekuwa yeye, asingemwita mtu. Akasugua chungu mpaka kikang'aa. Ndipo sauti ikatoka jikoni, ndogo, isiyo na haraka:

"Njoo unionjee."

Akaenda polepole, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Taratibu akamdondoshea mchuzi kiganjani, akasubiri.

"Mtamu," Kionjo alisema, machozi yakimlengalenga.

"Wa sukari au wa chumvi?" Taratibu aliuliza. "Malizia, dada. Leo sitaki nusu."