Sifuri ya Kivuko cha Tatu

Kabati lilikuwa tupu na kufuli lake zima. Inspekta Kanyiva alilitazama mara moja tu, akajua mwizi si mgeni.

"Nani anajua ufunguo unakaa wapi?"

"Kila mtu, Afande," akajibu Philister, mwalimu mkuu. "Uko kwenye msumari nyuma ya mlango."

Loo! Usalama gani huo? Lakini Kanyiva hakucheka. Zilizoibwa zilikuwa fomu za hesabu. Kwa siku tano wazazi watatu walikuwa wamesimama kwenye vivuko vitatu vya barabara hapa Uthiru, kila mmoja na chake, wakihesabu watoto waendao shule kwa miguu na kwa baiskeli. Bila fomu zile zenye sahihi, wafadhili hawangetoa hata ndururu ya kujenga njia salama. Ofisi yao ya Westlands ilikuwa inafunga maombi leo saa kumi jioni.

"Mwaka jana gari lilituulia mtoto," Philister akasema. "Tukikosa pesa hizi, nitawaambia nini wazazi?"

"Hatuzikosi," Kanyiva akasema, na tayari alikuwa anaelekea langoni.

Bawabu Gerishon alipiga saluti.

"Asubuhi hii nani ameingia?"

"Hakuna mtu, madam. Ni hawa tu wameandika kitabu."

Majina yalikuwa mawili. Kirit, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara, aliingia saa moja na dakika kumi, akatoka saa moja na robo. Kaluki, mzazi, aliingia saa mbili kasoro robo. Sababu ya kuja: kurudisha kalamu.

Kanyiva alianza na Kirit. Alimkuta akipima misumari.

"Njia hiyo itakula maegesho yako."

"Itakula! Nimepinga kwa barua, na leo nimepeleka ya pili."

"Ukapitia kabatini?"

"Inspekta, mimi nikigombana nagombana mchana, na sahihi naweka. Muulize mwalimu mkuu, barua nimempa mkononi."

Kanyiva akapiga simu papo hapo. Philister alikubali. Kirit alipotoka, fomu zilikuwa bado mezani pake. Alizifungia kabatini mwenyewe ndipo akaenda paredi.

Basi, Kirit hayumo.

"Jumla za vivuko unazikumbuka?" akamuuliza Philister, simu ikiwa bado sikioni.

"Cha kwanza mia nne na kumi na wawili. Cha pili mia tatu themanini na wanane. Cha tatu sifuri."

"Sifuri? Siku tano nzima?"

"Ndiyo, Afande. Aliyesimama pale ni Kaluki, Mama Kaloki."

Kaluki alikuwa fundi wa nguo, na kibanda chake kilitazamana na kivuko cha tatu. Alipomwona Inspekta, alisimamisha cherehani.

"Mama Kaloki, mwizi gani anajiandikisha langoni?"

"Kila anayeingia huandika," alijibu polepole. "Sikufikiria."

Akainua rundo la vitambaa. Fomu zote zilikuwa chini yake, zimefungwa kwenye leso.

"Sikuzichoma. Nilitaka tu saa kumi ipite."

"Kwa nini? Si wewe ndiye uliyehesabu?"

"Nilihesabu nini?" Kaluki akanyoosha kidole barabarani. "Mwanangu aligongwa pale, mimi nikiwa kwenye kiti hiki. Tangu siku ile hakuna mtoto anayepita. Wanazunguka hadi kule petroli stesheni, nusu saa nzima. Sasa karatasi inasema hapa hakuna shida kwa sababu hakuna mtu. Watajenga kule, hapa pabaki hivi hivi. Na hiyo sifuri nimeiandika kwa mkono wangu, Afande. Siku tano!"

Machozi yakamtoka. Kanyiva akatazama pembeni kidogo.

"Ungesema."

"Fomu haikuwa na nafasi ya kusema."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu. Kanyiva alivuta kigoda, akaketi, akafungua daftari.

"Kesi utajibu, sikudanganyi. Lakini taarifa yako naiandika sasa hivi, neno kwa neno. Nakala itaenda Westlands pamoja na fomu hizi, na mhandisi wao wa barabara ataisoma mimi nikiwa nimesimama mbele yake. Tuanze. Jina kamili la mtoto?"

Kaluki alijifuta macho kwa kipande cha kitambaa.

"Kaloki Muindi," alisema. "Miaka minane."